Miaka Sitini ya Joash

Jumapili, 9 Machi 2025

Mvua imenyesha tangu saa nane mchana. Nimechukua kitabu cha maandalio ya masomo kilichobaki mwaka jana bila kuandikwa kitu, na nimeamua kiwe cha mambo yangu. Nina siri, na siri isiyo na pa kukaa humsumbua mtu mpaka aitapike.

Mume wangu Joash atatimiza miaka sitini tarehe ishirini Juni. Tumeoana miaka ishirini na tisa na sijawahi kumkatia keki hata moja. Kila mwaka siku hiyo huamka mapema, hununua mkate na sukari, huenda Birongo kwa mama yake, peke yake, na kurudi jioni amenyamaza. Nilipokuwa mke mgeni nilidhani ni uchoyo. Baadaye nikadhani ni mambo ya kanisa, maana kuna Waadventista wasiopenda makuu. Mwaka huu nimechoka kudhani. Nitampeleka Kairo.

Kwa nini Kairo? Joash ni karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani chai, huku kwetu nje kidogo ya Keumbu. Amepima majani ya watu miaka thelathini na minne. Dereva mmoja wa lori aliwahi kumwambia kwamba chai yetu nyingi ikitoka Mombasa huenda Misri, na tangu siku hiyo jambo hilo halijamtoka. "Mama Valentine," huniambia akipuliza kikombe, "saa hii kuna mzee ameketi Kairo anakunywa jasho letu, na hajui hata Keumbu iko wapi." Halafu hucheka peke yake. Sijawahi kumsikia akitamani mahali pengine popote.

Siku nne tu. Binti yetu Valentine anafanya kazi kwenye ofisi ya mambo ya usafiri mjini Kisii. Ndiye pekee anayejua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Valentine ametuma picha ya hoteli ndogo inayotazama mto. Nimeifuta kwenye simu baada ya kuitazama mara tisa.

Jumapili, 23 Machi

Valentine amekuja kula mchana. Baba yake alipotoka kwenda kuangalia ng'ombe, aliniinamia mezani.

"Mum, Egypt ni visa, na visa ni pasipoti. Pasipoti ni cheti cha kuzaliwa. Dad ako nacho?"

"Kiko ndani ya sanduku lake."

"Kipya ama kile cha zamani cha kuandikwa na mkono?"

Cha zamani. Nimekichukua leo alipokwenda kituoni. Kimekunjwa mara nyingi hadi kimekatika katikati, na mtu amekishika kwa plasta ya dawa. Joash Ogari, alizaliwa 20 Juni 1965, hospitali ya misheni upande wa Nyamira. Valentine anasema ni lazima tupate nakala mpya kutoka ofisi ya vizazi na vifo huko huko Nyamira. Baada ya hapo ndipo tutamwambia, kwa sababu alama za vidole hazichukuliwi kwa siri.

Nimekificha ndani ya Biblia yangu, kitabu cha Kutoka. Nilijichekea.

Jumatatu, 7 Aprili

Shule tulifunga Ijumaa. Leo Joash amekuja na barua ya kiwanda: atastaafu tarehe thelathini Juni. Ameisoma akiwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye koti.

"Sitini imefika," nikamwambia, nikitabasamu kama mjinga mwenye jambo lake.

"Inasemekana," akajibu.

Jumanne, 15 Aprili

Sijui nianze wapi. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilimwambia Joash nakwenda kwetu Nyamira kumwona dada yangu. Saa nne nilikuwa ofisini. Karani anaitwa Nyangate, mtu wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, mikono safi. Aliposikia mimi ni mwalimu aliniita "mwalimu" kila baada ya maneno mawili. Nilimpa kile cheti, akaleta kitabu kikubwa cha mwaka ule, akashuka na kidole mpaka akamfikia.

Kidole kikasimama kwenye alama ya wino mwekundu kando ya jina.

"Mwalimu, huyu ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Ako?"

"Ako wapi?"

"Ako hai?"

Nikacheka kwa sauti. "Nimemwacha asubuhi akinywa uji."

Hakucheka. Aliinuka, akaenda chumba cha ndani, akakaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na kitabu kingine, chembamba, chenye jalada jeusi. Alikigeuza kuelekea kwangu ili nisome mwenyewe. Joash Ogari, mtoto wa Ombati na Bathsheba, kijiji kilekile cha kwenye cheti. Amefariki Septemba 1972. Miaka saba. Surua.

"Huyu ni mwingine," nikasema.

"Mama ni huyohuyo, mwalimu."

"Basi waliandika vibaya."

"Inawezekana," akasema, lakini kwa upole wa kunihurumia, na upole ule ulinitia hofu kuliko kitabu. "Mlete mwenyewe. Aje na mama yake, kama bado yuko."

Nikanyoosha mkono nichukue cheti. Akakiwekea kiganja juu.

"Siwezi kukurudishia. Nimeshaona. Nikikupatia, na mimi niko ndani. Inabidi niandikie mkubwa wangu."

Nilimsihi. Nilimwambia ni zawadi, ni Kairo, ni siku nne tu. Watu walio nyuma yangu walianza kunitazama. Niliingia mle ofisini na mume na karatasi. Nilitoka bila karatasi, na mume sijui.

Jumatano, 16 Aprili

Alikula, akaomba, akalala. Nilimtazama kama mtihani wenye swali lisilofundishwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda Birongo.

Mama mkwe hakunipenda tangu mwanzo, na mimi nilijifunza kutomhitaji. Nilimkuta barazani akichambua chinsaga, mboga ile yetu chungu, miguu ameikunja kama msichana ingawa ana themanini na tatu. Tuliongea Ekegusii. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kalamu yangu.

"Mama, Joash ni nani?"

Mikono yake iliendelea kuchambua. Shina, jani. Shina, jani.

"Ulienda kumtafuta wapi?"

"Nyamira. Kwenye vitabu vya serikali."

"Ukampata?"

"Nilimpata amekufa."

Hapo ndipo mikono ilipotulia. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

"Basi wewe ndiye mtu wa kwanza," akasema. "Miaka hamsini na mitatu, hakuna aliyekuja kwangu akasema Joash alikufa."

Akanieleza. Joash alikuwa kifungua mimba wake. Alizaliwa misheni kwa sababu alikuwa amekaa vibaya tumboni, na wazungu wale wakamwandika. Wa pili, Osoro, alizaliwa jikoni na hakuandikwa popote. Joash alipokufa, Osoro alikuwa na miaka kama minne. Baada ya mwaka mmoja na ushei baba yao alimpeleka shule ya mbali kidogo ambako hawakujulikana. Mwalimu mkuu akataka karatasi. Karatasi nyumbani ilikuwa moja.

"Baba yao akasema, kuanzia leo Joash yuko shule. Usiliite lile kaburi jina. Usilie kwa jina, watoto watasikia, watasema, na huyu atarudishwa nyumbani. Nikameza. Watu wakija hapa, 'Joash hajambo?' Ninasema hajambo. Mtu akimwita langoni, 'Joash!', mimi ninageuka. Mpaka leo ninageuka. Na anayeingia ni Osoro."

Miaka ishirini na tisa nimemsikia akimwita mume wangu Osoro. Nilidhani ni jina la nyumbani, kama kila mtu alivyo nalo. Nilidhani pia ni ukaidi wa mama asiyetaka kutumia jina ambalo mke hulitumia.

Alinionyesha mahali. Ni kwenye migomba, nyuma ya choo cha zamani. Hakuna jiwe wala msalaba.

Nilitaka kumshika mkono lakini hatujazoea. Nikamalizia kuchambua ile chinsaga.

Jumamosi, 19 Aprili

Sabato. Mhubiri alisoma Yakobo alivyojifanya Esau mbele ya baba yake kipofu. Joash alitazama sakafu. Mimi nilitazama viatu vyake.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Valentine amepiga simu kuuliza kama cheti kipya kimetoka. Nimemwambia mtandao uko chini.

Jumapili, 27 Aprili

Kesho shule zinafunguliwa. Leo tulikuwa shambani wawili, tunachuma kando kando, manyunyu yakitulowesha taratibu. Alisema bila kunitazama:

"Karatasi yangu haiko ndani ya sanduku."

"Ninajua."

"Ulienda nayo wapi?"

"Nyamira. Nilitaka kukupeleka Kairo. Siku yako ya sitini. Ilikuwa nikushtue."

Aliacha kuchuma. Majani aliyoshika yakabaki kiganjani.

"Kairo," akasema, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Akakalia gunia lililolowa. "Na ningeenda na jina la nani, Mama Valentine?"

Halafu akaongea, yeye ambaye huongea kidogo. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita, "Joash Ogari," naye akanyamaza, maana Joash alikuwa ni ndugu yake na alijua amezikwa. Akachapwa. Siku ya pili akachapwa. Siku ya tatu aliitikia, na akiitikia alihisi amemsukuma mtu pembeni. Alikuwa na miaka sita hivi. Alifanya mitihani kwa jina hilo, akapata kitambulisho kwa jina hilo, kazi, ubatizo, ndoa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba umeolewa na mtu ambaye hayuko?"

"Na tarehe ishirini Juni?"

"Siku hiyo mama anakuwa vibaya. Mimi ninakaa naye tu. Hatuongei. Tunakunywa chai."

Nilimwambia kuhusu kiganja cha Nyangate juu ya cheti. Nilitaka anikaripie. Hakunikaripia. Aliinuka, akarudi kwenye mstari wake wa chai, akachuma. Nami nikachuma.

Kitu kimoja alisema tulipokuwa tunafunga gunia: "Mimi ninafikiri nina miaka hamsini na saba."

Jumatano, 30 Aprili

Sijui nimwiteje humu. Nikiandika Joash ninamwona mtoto wa miaka saba mwenye surua. Nikiandika Osoro ninajiona namwandika mgeni. Nitaandika Baba Valentine. Hilo halina shaka.

Jumapili, 11 Mei

Tumemwambia Valentine. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akageuka kuwa mtu wa ofisi kama anavyogeuka akiogopa.

"Sawa. Tunatafuta wakili. Dad anaapa, jina linabadilishwa, date inabadilishwa. Halafu unadai kazi yako, uko na miaka tatu zaidi. Hiyo ni haki yako."

"Nidai kwa nani?" baba yake akamuuliza. "Mwenye barua ya kazi ni Joash. Joash amefika sitini kweli."

"Lakini wewe si Joash!"

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaziba mdomo. Baba yake akampigapiga bega, na ndiye aliyemfariji, yeye.

Kabla ya kuondoka Valentine alinivuta jikoni. "Mum, nimecancel hoteli. Booking ya flight nayo nitaiacha iishe yenyewe." Nilikuwa nimejifunza jina la mtaa mmoja wa Kairo wenye mikahawa. Sasa linanijia nikisahihisha insha.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imebomoa choo cha darasa la tatu. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 22 Mei

Nyamira wametuita. Barua inasema aje yeye, mama, na shahidi mmoja. Barua imeandikiwa "anayejiita Joash Ogari". Baba Valentine aliikunja vizuri akaiweka mfuko wa shati. Mchana huo alikwenda kituoni akapima majani ya watu mia mbili bila kosa. Niliuliza. Walisema bila kosa.

Alhamisi, 5 Juni

Nyamira, sote watatu. Nilichukua ruhusa shuleni.

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliandika hata nukta zake, namna ninavyofanya kabla ya kikao cha wazazi. Sikupata nafasi ya kutamka hata moja. Mama mkwe aliingia ofisini kwa mkubwa wa Nyangate akiwa na gauni lake la Sabato, na alipoonyeshwa kiti alikataa.

Mkubwa alianza: "Mama, hapa tuna shida kidogo ya utambulisho..."

"Hakuna shida," akasema kwa Ekegusii, na Nyangate akawa anatafsiri ingawa kila mtu mle ndani alielewa. "Nilizaa watoto wawili wa kiume. Aliyekufa ni Joash. Huyu ni Osoro. Aliyemvalisha huyu jina la yule ni baba yao, na mimi nilinyamaza, kwa hiyo na mimi nilimvalisha. Kama kuna wa kufungwa, nimekuja na leso yangu."

Kweli alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso. Sabuni pia. Nilikuwa nimembebea ule mzigo tangu barabarani bila kujua ni wa nini.

Mkubwa alivua miwani. Alisema hakuna atakayemfunga. Alisema faili litakwenda Nairobi, kutakuwa na kiapo, kutakuwa na usajili wa kuchelewa, mambo yatachukua miezi, pengine zaidi. Kuhusu pasipoti, akatikisa kichwa kabla sijamaliza kuuliza. Kitambulisho chenyewe sasa kimewekewa alama ya shaka.

Mama mkwe hakumsikiliza. Alimgeukia Nyangate. "Wewe, kijana wa vitabu. Joash wangu yuko ukurasa gani?"

Nyangate akamletea kile cheusi. Mama hajui kusoma. Akauliza mstari ni upi, akauwekea kidole, akakaa nao. Tulimsubiri.

Ijumaa, 20 Juni

Mwaka huu amekwenda Birongo na sisi wawili, mimi na Valentine. Tulibeba mkate na sukari kama anavyofanya.

Mama alitandika mkeka kando ya migomba. Aliomba kwa sauti, na akataja, "Joash, mwanangu, leo ungekuwa na miaka sitini." Alipotamka hivyo Baba Valentine alishtuka kidogo, mabega yake. Ameitikia jina hilo maisha yake yote. Mwili hauwezi kuambiwa uache siku moja.

Tulikunywa chai. Nilimwangalia huyu mama niliyemwona mkali miaka yote. Sikumwona mkali. Nilimwona mtu aliyekatazwa kulia, na uso ukakaa hivyo.

Kisha mume wangu akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba kitu dukani na kujua hatapewa:

"Na mimi nilizaliwa lini?"

Mama alifikiri sana. Tulimwona akitafuta.

"Mvua ilikuwa. Mvua nyingi, moshi ulikataa kutoka jikoni."

"Mwezi gani?"

"Hatukuwa na kalenda, Osoro. Yule waliniandikia. Wewe nilikuzaa tu."

"Hata siku?"

"Nimeisahau," akasema. "Mwanangu, nilikuwa ninakumbuka ya yule."

Valentine aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa bado na chai. Mimi nilivunja mkate vipande vidogo vidogo mpaka haukuwa mkate tena.

Jumatatu, 30 Juni

Amestaafu leo. Wakulima wa kituo wamempa blanketi na saa ya ukutani. Kwenye hotuba walimwita Joash mara kumi na moja. Alishukuru kila mara.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi kavu, baridi. Tumekwenda Nyamira, sisi wawili tu, kujaza fomu ya usajili wa kuchelewa. Nyangate alitupokea kama watu wa nyumbani, akatuletea viti viwili, akavuta kompyuta yake.

Jina: Osoro. Baba: Ombati. Mama: Bathsheba. Mahali: nyumbani, Birongo. Mwaka: sitini na nane, kama mama alivyokisia.

"Tarehe na mwezi?"

"Hatujui," nikasema.

"Mashine haikubali bila tarehe, mwalimu. Tunaweka Januari mosi. Wazee wote huwa tunawaweka Januari mosi."

Mume wangu akainua kichwa. "Januari ni kiangazi," akasema. "Mama alisema kulikuwa na mvua."

Nyangate akatazama mstari wa watu nyuma yetu, akanitazama mimi. Nilikuwa nimepanga mji mzima kwa ajili ya siku moja ya mtu huyu, mto, dirisha, kiti cha kukalia, na sasa sikuweza kumpatia hata mwezi. Ningesema Aprili ingekuwa uongo wangu. Ningesema Mei, hivyo hivyo.

"Weka tu," akasema mume wangu.

Nyangate akabonyeza. Mashine ikatoa karatasi, bado ina joto. Akaonyesha mstari wa chini. "Sahihi hapa, mzee. Jina lako kamili."

Akachukua kalamu. Mkono wake ukaandika J.

Ukasimama. Akaitazama ile herufi kama mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Nimefundisha watoto kuandika majina yao miaka ishirini na sita, nimewashika mikono kuiongoza. Wangu nikauona umekaa pajani, hauinuki.

"Si kitu," akasema Nyangate, na akatoa fomu nyingine.

Mume wangu akaisogeza karibu, akaishikilia kwa mkono wa kushoto isiteleze, akainama. Akaandika J tena.